Maboma Mengi, Fundi Mmoja: Kupanga Miradi Rasilimali Zikiwa Haba

Ingia vijijini katika wilaya nyingi za Tanzania, utakutana na kuta zisizo na paa. Huenda ni boma la zahanati, huenda ni madarasa mawili na ofisi ya walimu. Tofali zimesimama hadi kwenye linta na ndani majani yamefika kiunoni. Wananchi walichanga, wakasomba mawe na mchanga, wakafyatua tofali, fundi akajenga. Kisha kazi ikasimama. Ukiuliza kwa nini, jibu halichelewi: fedha ziliisha. Ni jibu la kweli, ila halitoshi, kwa sababu mara nyingi kijiji cha jirani nacho kina boma, na cha tatu hali kadhalika, na fedha zilizomwagwa kwenye maboma yote matatu zingetosha kumaliza moja na kulifungulia milango. Uhaba wa fedha hauondolewi na kikao kimoja. Mpangilio wa kazi unaweza kubadilishwa na kikao hichohicho, na ndiyo maana nadhani unastahili kuchambuliwa kwa kina kuliko ilivyo desturi yetu.

Tuanze na hesabu ndogo. Kata ina vijiji vitatu, kila kimoja kinataka zahanati. Kata nzima ina uwezo wa kulipa kundi moja la mafundi kwa mwaka mmoja, na kila zahanati inalihitaji kundi hilo kwa miezi minne: mwezi wa msingi, mwezi wa kuta, mwezi wa kupaua, mwezi wa kumalizia. Kundi likijenga zahanati moja hadi mwisho ndipo likahamia nyingine, milango itafunguliwa mwezi wa 4, wa 8 na wa 12. Sasa chukua njia iliyozoeleka, ile ya kuogopa manung'uniko. Misingi mitatu kwanza, kisha kuta za pote patatu, kisha mapaa, kisha lipu na rangi. Milango itafunguliwa mwezi wa 10, wa 11 na wa 12.

Ziangalie tarehe hizo kwa makini. Kijiji cha mwisho kimepata zahanati mwezi wa 12 katika njia zote mbili. Hakikupoteza hata siku moja kwa kukubali kuwa cha mwisho. Kijiji cha kwanza kimenyang'anywa miezi 6 na cha pili miezi 3, na miezi hiyo haikwenda kwa mtu yeyote. Imepotea tu. Mama wa kijiji cha kwanza ametembea kwenda kujifungulia mbali kwa nusu mwaka zaidi ili kijiji cha tatu kione msingi wake mapema, na msingi hautibu mtu.

Hapo tumechukulia kwamba fedha zilikuja zote. Tuseme zimekatika mwezi wa 9, jambo ambalo kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya ujenzi analijua. Waliojenga kwa zamu wana zahanati mbili zinazofanya kazi na ya tatu iliyofika kwenye msingi. Waliojenga zote kwa pamoja wana majengo matatu yaliyoezekwa yasiyo na sakafu, yasiyo na milango, na yasiyo na mgonjwa hata mmoja aliyehudumiwa. Fedha zilizotumika ni zilezile, na tofauti yote imetokana na mfuatano.

Wanahisabati walilithibitisha jambo hili zamani. Mwaka 1956 Wayne Smith, Mmarekani, alionesha kwamba ukiwa na mashine moja na kazi nyingi, jumla ya kusubiri inakuwa ndogo kuliko zote ukianza na kazi fupi zaidi. Na kama kazi zina uzito tofauti, gawanya uzito wa kila kazi kwa muda wake, uanze na ile yenye jibu kubwa. Kwa lugha ya halmashauri maana yake ni kwamba boma lililobakiza wiki tatu litangulie mbele ya mradi mpya ambao ndiyo kwanza unapimwa kamba, hata kama mradi mpya ni mkubwa na una heshima zaidi. Miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikipeleka Sh milioni 12.5 kukamilisha boma la darasa, wakati darasa jipya lilitengewa Sh milioni 20 katika mpango wa mwaka 2021. Kwa Sh milioni 100 unapata madarasa mapya matano au maboma manane yaliyokamilika. Watoto wanaoingia darasani hawaulizi nani aliweka jiwe la msingi.

Mwaka 1961 John Little, aliyefundisha Massachusetts Institute of Technology, alithibitisha kanuni nyingine inayofaa kuandikwa ukutani katika kila ofisi ya mipango. Kwa wastani, muda ambao kitu kinakaa ndani ya mfumo ni sawa na idadi ya vitu vilivyomo, ukigawa kwa idadi inayotoka kila mwaka. Halmashauri yenye maboma 60 ambayo humaliza 10 kwa mwaka inamsubirisha kila mwananchi miaka 6. Ikizindua mengine 20 bila kuongeza kasi ya kumaliza, imempa miaka 8. Uzinduzi umeongezeka, utepe umekatwa mara 20, na mwananchi amesukumwa nyuma miaka miwili.

Maboma hayakuzuka kwa uzembe wa watu. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza mwaka 2007, ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Shule za sekondari za kata zilienea kwa msukumo wa aina hiyohiyo. Malengo yalikuwa mema, na shule hizo zimesomesha vijana ambao vinginevyo wangeishia darasa la saba. Sitaki kuungana na wanaozibeza. Lakini lengo la "kila kijiji" lilisomeka kama amri ya kuanza kila kijiji kwa wakati mmoja, na hakuna aliyeuliza mafundi wa kupaua wako wangapi wilayani. Nchini Kenya, mfuko wa maendeleo wa majimbo ulioanzishwa mwaka 2003 uliutawanya ujenzi kwa namna inayofanana, na miradi iliyokwama imekuwa ikijitokeza katika ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.

Elimu ya kupanga kazi yenyewe ina historia yenye upofu unaofanana na wetu. Mhandisi wa Poland, Karol Adamiecki, alichora jedwali la mfuatano wa kazi tangu mwaka 1896, lakini aliandika kwa Kipoland na Kirusi, na dunia ikamkumbuka zaidi Henry Gantt wa Marekani ambaye michoro yake ya mistari ilienea miaka ya 1910. Mistari hiyo bado iko kwenye kila mpangokazi unaoambatanishwa na zabuni. Mwaka 1957 Morgan Walker wa kampuni ya kemikali ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand walitengeneza njia ya kutafuta, kwa kompyuta, mlolongo mrefu kuliko yote wa kazi zinazotegemeana. Urefu wake ndio muda wa chini kabisa wa mradi. Mwaka uliofuata jeshi la majini la Marekani likatengeneza njia inayokaribiana na hiyo kwa ajili ya makombora ya Polaris, ikiongeza makadirio matatu ya muda kwa kila kazi: la matumaini, la kawaida na la mashaka.

Njia hizo mbili ziliuteka ulimwengu wa wahandisi, nazo ni nzuri. Kasoro yake ni kwamba katika umbo lake la kwanza zilizingatia jambo moja tu, yaani kazi ipi lazima itangulie ipi. Hazikuuliza nani ataifanya. Mradi wa Polaris ulikuwa na kipaumbele cha taifa tajiri katikati ya Vita Baridi. Palipopungua mtu, mtu alitafutwa. Ukizichukua hesabu hizo na kuzileta mahali penye seremala mmoja, zinaanza kukudanganya kimyakimya.

Chukua zahanati iliyofika kwenye linta. Zimebaki kazi nne. Kupaua, yaani kupandisha kenchi na kuezeka bati, ni wiki 4 za seremala. Lipu ni wiki 3 za mwashi, na haipigwi kabla ya paa. Kutengeneza milango na madirisha ni wiki 3 za seremala, na kazi hiyo inaweza kufanyika chini ya mwembe wakati wowote. Mwisho ni kuifunga milango, wiki 1, baada ya lipu. Mlolongo mrefu ni paa, lipu, kufunga: wiki 8. Milango ina wiki 4 za ziada, kwa hiyo kwenye karatasi inaonekana si kazi ya kuiwazia.

Seremala ni mmoja. Akianza na paa, anaimaliza wiki ya 4. Mwashi anaingia ndani kupiga lipu, seremala anahamia kwenye milango, wote wawili wanamaliza wiki ya 7, milango inafungwa, na wiki ya 8 jengo limekwisha. Lakini huenda mbao za milango zimefika mapema kuliko bati, na seremala hataki kukaa bure, hivyo anaanza na milango. Paa linasubiri hadi wiki ya 3, linakwisha wiki ya 7, lipu inakwisha wiki ya 10, na jengo linakamilika wiki ya 11. Ni fundi yuleyule, kwa ujira uleule, na katika wiki 7 za kwanza hakuna siku aliyokaa bure. Jengo limechelewa wiki 3 zaidi kwa sababu tu mtu mmoja ameshika kazi ya pili kabla ya ile ya kwanza. Angalia pia kwamba seremala wa pili asingetusaidia chochote kama mfuatano ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Wiki 8 zingebaki kuwa 8. Kamati nyingi zinaongeza mafundi mahali ambapo tatizo lao ni mpangilio.

Kwa kazi nne hesabu inafanyika kichwani. Kwa kazi mia moja, zenye waashi, maseremala, lori moja na mashine moja ya kuchanganya zege, hakuna kichwa kinachoiweza, na hata kompyuta inahangaika. Jacek Błażewicz, Jan Karel Lenstra na Alexander Rinnooy Kan walionesha mwaka 1983 kwamba tatizo la kupanga kazi chini ya uhaba wa rasilimali liko katika kundi la matatizo magumu ambayo hakuna anayejua njia ya haraka na ya uhakika ya kuyatatua yanapokua. Mwaka 1996 Rainer Kolisch na Arno Sprecher walikusanya mifano ya majaribio ili watafiti washindanie kipimo kimoja. Ipo mifano ya kazi 60 tu iliyowasumbua watafiti miaka mingi bila mtu kuweza kuthibitisha kwamba ratiba aliyoipata ndiyo fupi kuliko zote.

Hilo lisimtishe mtu. Kinachotafutwa kazini ni ratiba nzuri, na nzuri inapatikana kwa kanuni nyepesi. Panga kazi zote kwa orodha ya umuhimu, ukitanguliza zile zisizo na muda wa ziada. Kila fundi anapokuwa huru, mpe kazi ya juu kabisa kwenye orodha ambayo tayari inaweza kuanza. Ronald Graham wa maabara za Bell alithibitisha mwaka 1966 kwamba, kwa mashine zinazofanana, njia hiyo ya orodha haiwezi kukupa ratiba inayofikia mara mbili ya ile bora, hata kama orodha ni mbaya. Katika kazi hiyohiyo alionesha jambo linaloshangaza zaidi: upo uwezekano wa kuongeza mashine, au kufupisha kazi, na mradi ukachelewa zaidi. Sababu ni ileile ya milango. Mkono unapokuwa huru mapema, unashika kazi isiyo ya haraka, na ile ya haraka inapoiva dakika chache baadaye haina wa kuifanya. Ndiyo maana wakati mwingine msimamizi mzuri humwacha fundi akae nusu siku akisubiri bati. Si jambo rahisi kulieleza kwa anayelipa ujira, lakini ni sahihi.

Mfano mkubwa wa mpangilio ninaouheshimu katika nchi yetu ni reli ya TAZARA. China iliikopesha Tanzania na Zambia fedha bila riba, ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970, na kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi zikatandikwa hadi Juni 1975, kabla ya muda uliopangwa. Reli ikakabidhiwa Julai 1976. Watu husimulia wingi wa wafanyakazi, na kweli walikuwa makumi ya maelfu, Waafrika kwa Wachina, na wako waliozikwa njiani. Lakini wingi wa watu hauharakishi reli peke yake. Vyuma vilishushwa bandarini Dar es Salaam na kutandikwa kuelekea Zambia, na treni ya kupeleka vyuma vinavyofuata ilipita juu ya vile vilivyokwisha kutandikwa. Palikuwa na ncha moja inayosonga mbele. Hata ukiwa na watu laki moja, ncha ni ileile.

Rasilimali adimu ya TAZARA ilikuwa muda wa ncha hiyo, na kazi iliyobaki ilikuwa kuhakikisha kwamba haisimami. Kutoka Dar es Salaam hadi Mlimba ni takriban kilomita 500, nyingi zikiwa kwenye tambarare na bonde la Kilombero. Reli ilizipita kufikia mwishoni mwa 1971, mwaka mmoja na kidogo tangu uzinduzi. Mbele yake ilikuwa Mlimba hadi Makambako, mpando wa kutoka bondeni kwenda nyanda za juu, kwenye mengi ya mahandaki 22 ya reli nzima na madaraja marefu juu ya makorongo. Handaki halichimbwi kwa wiki mbili. Ikiwa ungengoja reli ifike Mlimba ndipo uanze kutoboa mlima, ncha ingelala hapo muda mrefu. Kazi za milimani ilibidi zianze wakati reli ingali nyuma, kwa vifaa vilivyopelekwa kwa barabara, ili ncha ikifika ikute njia iko tayari. Mpaka wa Zambia ulifikiwa Agosti 1973, yaani karibu kilomita 475 kwa muda wa miezi ishirini hivi. Kisha kilomita 885 za upande wa Zambia zikapitwa kwa muda usiozidi sana huo. Kasi ilifuata ardhi, na mpango ulikuwa umeijua ardhi.

Nasisitiza hili kwa sababu kuna kosa la kulifahamu vibaya fundisho la zamu. Kumaliza kimoja ndipo uanze kingine hakumaanishi kwamba kitu kimoja tu kiwe wazi wakati wote. Zege hufikia nguvu yake ya kuhesabiwa baada ya siku 28, na siku za mwanzo linatakiwa kumwagiliwa maji bila kubebeshwa mzigo. Kundi la waashi likikaa siku zote hizo linatazama linta inayokomaa, fedha zinaliwa bure. Mahali pa namna hiyo ni sawa kabisa kuwa na majengo mawili, kundi likihama kati ya moja na jingine wakati zege linafanya kazi yake lenyewe. Idadi sahihi ya miradi iliyo wazi ni ile inayotosha kumfanya aliye adimu asikae bure, basi. Kwa kundi moja la waashi pengine ni miwili. Sijawahi kuona hesabu inayofikisha kumi.

Kuna wakati pia aliye adimu anabadilika, na mpangaji asipoligundua atabaki analinda mlango ambao mwizi hapiti. Oktoba 2021 Serikali ya Tanzania ilitangaza matumizi ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban Sh trilioni 1.3, katika mpango wa kukabiliana na UVIKO-19. Ndani yake kulikuwa na madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kila moja Sh milioni 20, yakitakiwa kuwa tayari kwa muhula wa Januari 2022. Safari hii fedha zilikuwepo kabla ya msingi kuchimbwa. Ghafla kila halmashauri ilihitaji saruji, nondo, bati na mafundi katika miezi ileile, na ujuzi wa kubana fedha ukawa hausaidii tena. Aliyefaulu ni aliyewahi kuagiza na aliyejua fundi gani atakuwa wapi wiki ipi. Licha ya presha hiyo, naona mpango ule ulikuwa na jambo moja la kuigwa: kila darasa lilianza likiwa na fedha zake zote. Boma huzaliwa pale jengo linapoanzishwa kwa robo ya fedha na tumaini la robo tatu.

Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji linafundisha lingine. Mkataba ulisainiwa Desemba 2018 na tarehe ya kwanza ya kukamilika ilikuwa Juni 2022. Tarehe hiyo ilipita. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022. Lakini mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja haikusubiriana. Wa kwanza ulianza kuingiza umeme kwenye gridi mapema mwaka 2024, mingine ikafuata mmoja baada ya mwingine hadi zikatimia megawati 2,115 mwaka 2025. Mradi mkubwa ukigawanyika vipande vinavyoweza kufanya kazi peke yake, kila kipande kinachokamilika kinaanza kulipa. Zahanati nayo inagawanyika: chumba cha daktari, chumba cha kujifungulia na choo vikikamilika, huduma inaweza kuanza wakati nyumba ya mganga bado iko kwenye kuta.

Upo upande wa tabia za watu, ambao hesabu za Graham haziugusi. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kuhusu mwelekeo wa wanadamu kukadiria muda mfupi kuliko kazi inavyohitaji, hata pale ambapo kumbukumbu ya miradi iliyopita inawakanusha. Fundi akiumwa na makadirio mafupi mara kadhaa, anajifunza kujifichia siku za ziada. Akizificha, kazi inajaa ndani ya siku hizo zote, jambo ambalo Cyril Northcote Parkinson alilieleza mwaka 1955. Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israel, alipendekeza katika kitabu chake cha mwaka 1997 kwamba siku za ziada ziondolewe kwenye kila kazi na kuwekwa pamoja mwishoni mwa mradi, kama akiba moja. Hesabu inamuunga mkono kwa kiasi. Kazi nne zinazofuatana, kila moja ikiwa na wiki 2 za kujihami, zinakula wiki 8. Lakini ni nadra zote nne zichelewe pamoja, na kwa makosa yasiyohusiana akiba ya wiki 4 inatoa kinga inayokaribia ileile. Tatizo ni kwamba kwetu makosa yanahusiana sana. Masika ikikata barabara, mchanga, saruji na fundi vyote vinachelewa siku hiyohiyo. Ningeichukua akiba ya Goldratt, lakini ningeipima kwa msimu wa mvua, na nisingekubali mpango wowote unaoweka kupaua mwezi wa Aprili katika mkoa wa masika.

Kuongeza watu dakika za mwisho ni dawa nyingine inayopendwa. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa kompyuta za IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye kazi ya programu iliyochelewa kunaichelewesha zaidi, maana wageni wanafundishwa na walewale wanaotakiwa kufanya kazi. Kwenye ujenzi si kali kiasi hicho, kwani saidia fundi anajifunza kubeba karai kwa saa moja. Lakini darasa moja lina kuta nne, na waashi kumi na wawili ndani yake wanapishana viwiko.

Nimefika kwenye pingamizi zito, na silichukulii kwa wepesi. Diwani ataniambia: wewe una hesabu, mimi nina vijiji. Nikimwambia mwenyekiti wa kijiji cha tatu kwamba zamu yake ni mwaka wa tatu, atasikia kwamba ametupwa. Msingi uliochimbwa ni ahadi inayoonekana kwa macho. Nafasi kwenye orodha ni maneno. Na kwa historia tuliyo nayo, mtu aliyeahidiwa zamu ana haki ya kuuliza kama orodha itaheshimiwa akibadilika mkurugenzi.

Jibu lipo nyumbani kwetu, mikononi mwa kina mama wa mitaani. Upatu ni ratiba ya rasilimali haba. Wanawake 12 wakitoa Sh 50,000 kila mwezi, kila mwezi mmoja wao anaondoka na Sh 600,000 na kununua cherehani au mtaji wa duka, badala ya kila mmoja kubaki na elfu hamsini zinazoyeyuka sokoni. Wa mwisho anasubiri mwaka mzima na hanung'uniki, kwa sababu mambo matatu yako wazi: orodha inajulikana na wote, aliyekwisha kupokea anaendelea kutoa, na kijumbe, yaani msimamizi wa upatu, hawezi kumruka mtu kimyakimya. Mwenye msiba au mgonjwa huombewa zamu mapema, hadharani, na wenzake wanaridhia. Miradi ya kata imekosa mambo hayo matatu, na kosa hilo si la hesabu.

Kwa hiyo orodha ya maboma ingebandikwa kwenye ofisi ya kila kijiji na kusomwa kwenye mkutano wa hadhara, ikionesha kila boma limebakiza kazi gani, litahudumia watu wangapi, huduma ya karibu iko umbali gani, na kuta zake zitavumilia mvua ngapi. Hicho cha mwisho kina uzito wake. Kuta za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, bila paa, zinaliwa na kila masika. Lililo karibu kuanguka lina haki ya kutangulia lililojengwa kwa saruji, kwani likianguka michango ya wananchi imekwenda nalo. Kigezo kikipingwa, kipingwe mbele ya wote, na nafasi zikibadilika, sababu iandikwe kando yake.

Na orodha hiyo iwe ya mfuatano, isiwe ya tarehe. Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini fedha za maendeleo hazitoki zote Julai. Zinakuja kwa mafungu, na huenda fungu kubwa likafika mwezi ambao mvua imeshafunga barabara. Mpangokazi wenye tarehe unakufa siku fungu la kwanza linapochelewa, na baada ya hapo kila mwenye sauti anavuta kwake. Mfuatano haufi. Fungu likifika Oktoba au likifika Februari, linakwenda kwa boma la kwanza ambalo halijakamilika, linaligharamia mpaka mlango wa mwisho, na kilichobaki kinakwenda kwa la pili. Mwenyekiti wa kijiji cha tatu hataambiwa ni lini, maana hakuna anayejua kwa hakika, lakini ataweza kuhesabu mwenyewe wamebaki wangapi mbele yake.